Kila kiungo na sentensi yake: shajara ya mradi wa Gredi ya 8

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mwalimu mkuu ameupitisha mradi. Muhula huu wanafunzi wa Gredi ya 8 watakusanya habari za Mto Nairobi kutoka kwenye wavuti, watazipanga, kisha watazitumia kuandika ripoti kabla shule hazijafungwa. Tutaushika wawili: mwenzangu wa Sayansi Jumuishi, na mimi ninayefundisha Kiswahili na Masomo ya Jamii. Mto ni wa somo lake na ni wa somo langu. Shule yetu iko Eastlands, si mbali na soko la Gikomba, na watoto wetu wengi huvuka daraja asubuhi na jioni. Harufu ya mto wanaijua. Safari yake hawaijui.

Kwanza ni zana. Nilizonazo ni kipakatalishi changu, projekta ya shule, na vishikwambi vya ule mpango wa serikali ulioanza 2016, vile ambavyo betri zake bado zinashika chaji. Simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo kazi ya nyumbani itategemea simu ya mzazi na bando la mzazi. Hilo la bando nimelitanguliza mbele ya mengine yote. Mama anayenunua bando la shilingi ishirini ili apokee oda za wateja wake wa WhatsApp, siwezi kumwomba amwachie mwanawe simu atazame video ya nusu saa. Zana yoyote itakayoingia kwenye mradi huu iwe nyepesi, iwe ya bure, na ivumilie mtandao unaopotea.

Alhamisi, 8 Mei

Kipindi cha kwanza na darasa. Niliwauliza: mtu akitaka kujua mto huu unaanzia wapi, atafanyaje? Jibu lilitoka kwa pamoja: "Anaingia Google, Mwalimu." Vizuri. Nikauliza: na ukurasa uliousoma Jumanne, leo utaupataje? Kimya. Kisha msichana mmoja akasema yeye hupiga skrinshoti. Nikamwomba atueleze hizo skrinshoti ziko wapi. Ziko kwenye simu ya mamake, katikati ya picha za harusi na risiti za M-Pesa, na hakuna hata moja inayoonyesha tovuti ilikotoka.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi yetu. Kupata habari kumekuwa rahisi mno. Kuipata tena, na kujua ni nani aliyeisema na lini, bado ni kazi ya kufundishwa. Tulikubaliana kwamba kila ukurasa utakaowekwa kwenye ghala la darasa utaandamana na vitu vinne: anwani yake, aliyeuandika (mtu au taasisi), tarehe ulipoandikwa, na sentensi ya mwanafunzi mwenyewe inayosema kwa nini ameuweka. Sentensi iwe yake. Kunakili kichwa cha ukurasa hakukubaliki.

Makundi yamechagua majina ya mito: Tana, Athi, Mara, Nzoia, Yala na Ewaso Nyiro. Ndani ya ghala kundi ndilo litakaloandikwa, si jina la mtoto.

Jumatatu, 12 Mei

Njia iliyo karibu kabisa ni alamisho za kivinjari: unabonyeza nyota, ukurasa unabaki. Kwa mtu mwenye simu yake inatosha. Kwa kishikwambi kinachopita mikono mingi kwa siku, alamisho haina mwenyewe, na ikifutwa hakuna wa kuulizwa.

Wazo la kutoa alamisho nje ya kifaa na kuziweka mahali pa watu wote lina umri sasa. Joshua Schachter aliijenga Delicious mwaka 2003, tovuti iliyomwezesha mtu kuhifadhi viungo vyake hadharani na kuvibandika lebo alizojitungia. Yahoo iliinunua 2005, baadaye ikapita mikono kadhaa, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Pinboard, huduma nyingine ya kuhifadhi viungo. Huduma yenyewe ilikwisha lakini lebo zimeenea karibu kila mahali watu wanapopanga vitu mtandaoni. Ninachokitaka kutoka kwake ni hayo mawili: uwazi na lebo. Kundi la Tana lione siku hiyo hiyo alichopata mwenzao wa Yala.

Kwa hiyo tutatumia lahajedwali moja ya pamoja. Shuleni itafunguliwa kwa LibreOffice Calc kwenye kipakatalishi, bila intaneti. Kwa nyumbani nimetengeneza fomu fupi ya Google: mzazi anaifungua kwenye simu bila kujisajili, mtoto anajaza, majibu yanaingia kwenye jedwali yenyewe. Fomu ina maandishi matupu, haina picha hata moja. Nimeijaribu kwa simu ya mwenzangu na imefunguka upesi.

Jumatano, 14 Mei

Barua kwa wazazi imetoka leo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na mambo yafanywe kwa maslahi ya mtoto. Huduma nyingi za mtandaoni nazo huweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kufungua akaunti, na darasani mwangu wapo waliopita umri huo na wapo ambao hawajaufikia. Nimeamua hakuna mtoto atakayefunguliwa akaunti kwa ajili ya mradi huu. Fomu haiulizi jina, namba ya simu wala barua pepe, inauliza kundi.

Baba mmoja alinipigia kuuliza kama bintiye atakuwa "ameandikwa mtandaoni". Nilimweleza fomu ilivyo, swali kwa swali. Akasema, "Sawa, Mwalimu, hapo nimekuelewa." Maswali kama hayo nayataka zaidi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda na wawakilishi wa makundi Maktaba ya Kaloleni, tawi la Maktaba ya McMillan, ile iliyoko Banda Street tangu 1931. Nilitaka waone habari zilivyokuwa zikipangwa kabla ya wavuti. Mkutubi aliwaonyesha namba zilizo migongoni mwa vitabu na kuwaeleza mfumo wa Dewey, uliotoka 1876: maarifa yote yamegawanywa mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900, na kila tarakimu inayoongezwa inazidi kusogea karibu na jambo lenyewe. Fungu la 900 ni historia na jiografia. 960 ni Afrika. 967.62 ni Kenya.

Mvulana wa kundi la Athi akauliza: kitabu kinachoeleza uchafuzi wa mto wa Kenya kitakaa kwenye Kenya au kwenye uchafuzi? Mkutubi akamwambia kitabu ni kimoja na rafu ni moja, kwa hiyo mtu lazima aamue. Anayekitafuta kwingine ataongozwa na katalogi. Mvulana akafikiri kidogo, akasema kiungo kinaweza kukaa kote kuwili. Mkutubi akakubali, kisha akamwonya kuwa kitu kinachokaa kila mahali kinahitaji majina yaliyotunzwa vizuri, la sivyo hakipatikani popote. Nimelinakili neno hilo kwenye daftari langu, kwa sababu lebo zinaanza Jumatatu.

Jumanne, 20 Mei

Lebo zimemiminika, na zimeleta jambo ambalo miongozo ya zana hizi hailigusi, kwa kuwa imeandikwa na watu wanaofikiria Kiingereza. Katika Kiingereza wingi wa jina kwa kawaida huongezwa mwishoni, hivyo ukipanga orodha kwa alfabeti umoja na wingi huangukia pamoja. Kwetu neno hubadilika kichwani. Kundi la Mara limeandika "kiwanda", la Nzoia "viwanda", la Yala "uchafu wa viwandani". Jedwali limezipanga kwa uaminifu kabisa: moja chini ya K, moja chini ya V, moja chini ya U. "Ugonjwa" uko mbali na "magonjwa". "Daraja" liko mbali na "madaraja". Kwa jedwali hayo ni mambo tofauti yasiyojuana.

Tumelijadili darasani kwa kipindi kizima na kilikuwa kipindi kitamu cha sarufi, ngeli zikiwa na kazi ya kufanya mbele ya macho yao. Uamuzi wa darasa: lebo ya kitu kinachohesabika itaandikwa kwa umoja, kama kamusi inavyofanya: kiwanda, ugonjwa, daraja, mti. Maneno yasiyo na umoja na wingi tofauti yabaki yalivyo: maji, maji taka, mvua. Herufi ndogo kote isipokuwa majina ya mahali. Orodha ya lebo imeandikwa kwenye manila ukutani, na anayetaka kuongeza mpya anaomba darasa kwanza.

Halafu kutafuta. Hapa mpangilio wa lugha yetu unasaidia ukiujua. Nimewafundisha kutafuta kwa shina la neno badala ya neno zima. Andika "chafu" kwenye kisanduku cha kutafuta cha Calc, nalo linaleta uchafu, uchafuzi, machafu, kuchafua na kuchafuliwa. "Gonjwa" linaleta ugonjwa, magonjwa na wagonjwa. Mtoto mmoja alijaribu "wanda" ili apate kiwanda na viwanda. Akavipata, na Rwanda ikaja pamoja navyo. Akasema atakuwa anausoma kila mstari kabla ya kuuamini. Huo ndio usomaji ninaoutafuta.

Mwenzangu wa Sayansi ameiga mbinu hiyo jioni hii hii kwenye maelezo yake ya somo na anasema hatairudia njia ya zamani.

Ijumaa, 23 Mei

Jana Mozilla imetangaza kuwa Pocket, huduma ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, itafungwa tarehe 8 Julai. Nilikuwa na makala zangu humo, za ufundishaji zaidi. Huduma ina sehemu ya kutolea data. Nimeitumia leo, nimepata faili lenye anwani zote, na Calc imelifungua.

Wenye kumbukumbu wataikumbuka Google Reader, programu ya kusomea habari mpya za tovuti, iliyoanza 2005 na kufungwa tarehe 1 Julai 2013. Zana hufungwa, ziwe za kampuni kubwa au ndogo, na mwalimu hana sauti katika uamuzi huo. Alicho nacho ni kuchagua mapema. Kwa hiyo nimeweka sharti: kabla kazi ya mtoto haijaingia kwenye zana yoyote, naingiza kurasa chache, naomba kuzitoa, kisha nalifungua nililopewa kwa programu nyingine. Likifunguka na anwani, tarehe na sentensi zikiwa salama, zana inaingia. Lisipofunguka, zana inabaki nje hata ikiwa inapendeza vipi.

Zana moja ya ubao wa rangi, ambayo watoto waliipenda sana kwa macho, ilinipa picha tu ya ubao mzima: maneno yanaonekana, lakini kiungo hakibonyezeki wala huwezi kupanga chochote upya. Nimeiacha. Waliosikitika nimewaeleza sababu, na tumechora ubao wetu kwa manila na kalamu za rangi.

Jumatano, 4 Juni

Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga marejeleo. Ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia, Marekani, kwenye kituo cha historia na vyombo vipya vya habari, na hadi leo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Watu wa vyuo vikuu huitumia kwa marejeleo ya tasnifu. Nilitaka kuona kama inaweza kumhudumia mwalimu wa sekondari msingi.

Inaweza, kwa upande wangu mimi. Nikiwa kwenye ukurasa nabonyeza kitufe chake kwenye kivinjari. Inachukua kichwa, mwandishi, tarehe na anwani, pale ukurasa wenyewe ulipovitaja kwa namna inayosomeka na kompyuta. Pasipotajwa inaacha pengo na mimi najaza. Kila kitu kinakaa ndani ya kipakatalishi changu, hivyo stima ikienda na intaneti ikapotea bado nafanya kazi hadi betri iishe. Nafasi ya bure ya kuhifadhi faili kwenye seva zao ni megabaiti 300, ndogo kwa PDF nyingi, lakini maelezo ya marejeleo yenyewe hayahesabiwi humo.

Kwa watoto sitaitumia. Inawajazia mwandishi na tarehe, na mimi nataka wavitafute kwa macho yao: washuke hadi chini ya ukurasa, wafungue sehemu ya "kuhusu sisi", waone kama kuna mtu anayesimama nyuma ya maneno. Leo kundi la Ewaso Nyiro limeukataa ukurasa mzuri wa kupendeza kwa sababu hakuna popote palipoandikwa ni wa nani. Wametoa hoja na nimewaunga mkono. Zotero itakuwa daftari langu la juu: nahakiki viungo vyao, navihifadhi humo, na mwisho wa muhula natoa nakala ya CSV, faili la maandishi matupu linalofunguka kwa programu za majedwali.

Alhamisi, 12 Juni

Leo ni siku niliyoingoja. Intaneti ya shule ilikuwa imekatika tangu asubuhi na tulifanya kazi kama kawaida.

Programu inaitwa Kiwix. Inasoma maktaba nzima iliyofungwa ndani ya faili moja la aina ya ZIM, na Wikipedia ya lugha mbalimbali inapatikana hivyo bila malipo. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zote ni mzigo mkubwa, unapita gigabaiti mia moja. Ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni ndogo na inaingia kwenye simu ya kawaida bila shida. Kuna pia matoleo yasiyo na picha, na mengine yenye utangulizi tu wa kila makala. Nilipakua kwa Wi-Fi ya nyumbani kwa dada yangu usiku, nikahamisha kwa kadi ya kumbukumbu.

Darasani ilikwenda hivi. Simu yangu iliwasha hotspoti, data ikiwa imezimwa. Ndani ya Kiwix nilichagua sehemu ya kuwagawia wengine vitabu, nikaweka alama kwenye Wikipedia ya Kiswahili, nikabonyeza kuanza. Simu ikatoa anwani ya namba inayoanza na 192.168. Niliiandika ubaoni kwa chaki. Kila kundi liliunganisha kishikwambi chake na hotspoti ya simu, likaandika namba hizo kwenye kivinjari, na maktaba ikafunguka. Vishikwambi havikusakinishiwa kitu chochote na hakuna senti ya bando iliyotumika. Kishikwambi cha kundi la Mara ni cha zamani kiasi kwamba programu nyingi mpya hazikubali kukaa humo, lakini kivinjari chake kilitosha.

Walianza na Nairobi, wakarukia Athi, wakafuata viungo wenyewe. Makala nyingi za Kiswahili ni fupi na hilo waliliona. Lakini ufupi huo uliwapa kitu. Kundi la Nzoia lilisoma kwamba Athi huitwa Galana huko mbele, kisha Sabaki, na kwamba huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Wakarudi kwenye ramani ya ukutani, wakaweka kidole pale Mto Nairobi unapokutana na Athi upande wa mashariki, wakakishusha polepole hadi pwani. Msichana aliyeshika ramani akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo chupa ikitupwa Gikomba inaweza kufika Malindi?" Darasa zima likageuka. Nikamwambia aliandike swali hilo kwenye jedwali, na mwenzangu wa Sayansi amelichukua kuwa somo la wiki ijayo.

Jumatano, 18 Juni

RSS, kwa ufupi, kwa sababu ni ya walimu kuliko wanafunzi. Ilizaliwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, mwaka 1999. Tovuti inatoa faili dogo la maandishi lenye orodha ya vilivyo vipya, na programu yako ya kusomea inalikagua na kukuletea. Podikasti hadi leo husafiri kwa njia hiyo. Faida kwetu ni wepesi: unaletewa vichwa na maelezo mafupi, unaamua kipi kinastahili bando. Tovuti zilizojengwa kwa WordPress aghalabu huwa na RSS ukiongeza /feed mwishoni mwa anwani. Jaribu hiyo kabla ya kukata tamaa. Nimejiwekea tovuti za habari za mazingira na za elimu, na kila Ijumaa nachagua makala moja ninayoichapisha na kuibandika ukutani.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeisoma safu ya sentensi yote, mstari kwa mstari. Zipo nzuri. Zipo pia nyingi za namna hii: "Tumeiweka kwa sababu ina habari nyingi." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye ukurasa wowote duniani na haitaonekana ngeni, na kwa hiyo haimsaidii mwenzake atakayekuja kutafuta.

Nimeongeza safu ya tano: *Ukurasa huu hausemi nini?* Mwenzangu alihofia itakuwa ngumu kwa umri wao. Tumekubaliana tuijaribu, kundi likae pamoja na lijibu kwa mdomo kwanza, kisha liandike.

Ijumaa, 27 Juni

Safu ya tano inafanya kazi. Huu hapa mstari mmoja wa kundi la Nzoia, neno kwa neno, nimesahihisha tahajia tu:

"Ukurasa huu unasema mto unaanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Tumeuweka kwa sababu una ramani inayoonyesha vijito. Hausemi maji yanaanza kuchafuka wapi."

Na wa kundi la Tana, kuhusu ukurasa wa vijana wa ClimateWorX wanaosafisha kingo za mto:

"Unasema taka zinatolewa. Tumeuweka kwa sababu tumewaona. Hausemi zikishatolewa zinapelekwa wapi, na hausemi nani anazitupa tena."

Tazama jinsi swali la pili linavyolizaa la kwanza upya. Mtoto aliyeandika hivyo ameusoma ukurasa hadi mwisho, ameupima kwa yale anayoyaona akienda nyumbani, na amejua anachokitafuta kinachofuata. Hakuna zana inayoweza kumfanyia hilo. Zana inaweza kumwekea mahali pa kuliandika, na mahali hapo pakiwa wazi kwa darasa zima, kundi la Yala linaweza kulijibu swali la Tana. Limefanya hivyo jana: limeleta ukurasa kuhusu jaa la Dandora, lenye kupokea taka za jiji tangu miaka ya 1970, na katika safu ya sababu limeandika "Kujibu Tana". Sikuwafundisha kufanya hivyo. Nimeiingiza "kujibu" kwenye orodha ya lebo rasmi.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Barabara za kuingia katikati ya jiji zimefungwa na watoto wako nyumbani. Nimekaa na kipakatalishi, nikahakiki viungo.

Baadhi vimekufa. Ukurasa wa idara moja ya serikali uliokuwepo Mei sasa unarudisha tangazo kuwa haupatikani. Tovuti imepangwa upya. Kwa bahati njema nilikuwa nimeupeleka Wayback Machine, hazina ya kurasa za wavuti inayoendeshwa na Internet Archive, shirika alilolianzisha Brewster Kahle mwaka 1996. Ukiweka anwani kwenye kisanduku chao cha kuhifadhi, wanachukua nakala ya ukurasa ulivyo siku hiyo na kukupa anwani mpya yenye tarehe ndani yake. Kiungo cha nakala nimekiweka kando ya kile cha asili.

Nimewaandalia watoto utaratibu wa kudumu: ukurasa wowote wa serikali au wa gazeti unahifadhiwa Wayback siku ile ile unapoingia kwenye ghala. Nitafanya mimi kwa niaba yao, mwisho wa siku, kwa kuwa huchukua muda na bando. Hii ndiyo kazi ndogo inayochosha kuliko zote katika mradi na ndiyo ninayoing'ang'ania zaidi. Kumbukumbu za umma za mji huu zinaandikwa sasa kwenye wavuti, na mtoto wa Eastlands ana haki ya kuzikuta akizirudia.

Ijumaa, 18 Julai

Ripoti zimeingia. Kila kundi lilitakiwa lianze na swali kutoka safu ya tano, si kutoka kichwani. Kundi la Athi limeandika juu ya kurasa mbili zinazotofautiana kuhusu urefu wa mto, na wamegundua sababu wenyewe: mmoja unahesabu hadi Nairobi inapoungana na Athi, mwingine unaendelea hadi baharini. Kundi la Mara limetumia lebo "mti" na "udongo" kwa pamoja, wakapata kurasa zilizoletwa na makundi matatu tofauti, mmojawapo ukihusu Wangari Maathai na Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha 1977. Wameeleza jinsi miti ya ukingoni inavyozuia udongo kumezwa na maji, na chini ya kila dai wameandika namba ya mstari wa ghala lilikotoka. Mwenzangu aliisoma ripoti hiyo akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi na hakuketi hadi alipoimaliza.

Ripoti ya Ewaso Nyiro ni fupi na ina mapengo. Wana kishikwambi kinachozimika, na wawili kati yao wamehama mtaa muhula huu. Nimekaa nao baada ya vipindi, tukafungua Kiwix, tukaendelea. Wataleta nyongeza wiki ijayo.

Ijumaa, 25 Julai

Shule zinakaribia kufungwa. Ghala limetolewa katika nakala mbili, CSV na ukurasa wa HTML unaofunguka kwa kivinjari chochote. Nakala moja iko kwenye flashi ofisini kwa mwalimu mkuu, ya pili imekwenda Maktaba ya Kaloleni kwa ridhaa ya mkutubi, ikiwa na orodha yetu ya lebo iliyochapishwa. Akaipitia orodha kwa kalamu mkononi na akapendekeza "bwawa" iongezwe, maana ana vitabu vinavyogusa Nairobi Dam na kwetu hakuna kiungo hata kimoja.

Muhula wa tatu Gredi ya 7 wataingia kama wasomaji kwanza. Kazi yao ya mwanzo nimeshaiandika: wachague swali moja kutoka safu ya tano ambalo halijajibiwa, watafute ukurasa unaolijibu, waubandike lebo "kujibu". Yaliyobaki wazi ni mengi. Mengi zaidi yako chini ya "maji taka", na hapo pia ndipo penye viungo vingi visivyo na tarehe, hivyo likizo hii nitaanzia hapo. Mwenzangu anataka safu ya sita ya vipimo vya maji watakavyochukua watoto wenyewe darajani. Tutaijadili Agosti, tukishajua kama shule inaweza kupata karatasi za kupimia asidi.